Meno na fizi: mwongozo kamili wa kuyatunza kabla hayajauma

Jino linapoanza kuoza haliumi. Tabaka lake la nje, yaani enameli, halina neva hata moja, kwa hiyo tundu linaweza kuchimbika kwa miezi mingi bila mwenyewe kuhisi chochote. Maumivu huja uozo ukishapenya hadi kwenye kiini chenye neva na mishipa ya damu, na hapo kuziba kwa kawaida mara nyingi hakutoshi tena. Fizi nazo ni vivyo hivyo: zinavimba, zinatoa damu, mfupa unaoshika jino unalika taratibu, na mtu anakula na kucheka kama kawaida mpaka siku jino linapoanza kucheza.

Ndiyo maana vyumba vingi vya meno katika hospitali zetu vimegeuka vyumba vya kung'olea. Mtu anafika akiwa hajalala siku mbili tatu, shavu limevimba, ameshasukutua maji ya chumvi, ameshaweka karafuu, ameshameza vidonge vya dukani, na anachotaka ni jino litoke. Mimi ni tabibu wa meno, kazi yangu naifanyia upande wa Arusha, na ninaandika haya kwa sababu meno mengi ninayoyang'oa yangebaki mdomoni kwa dawa ya meno ya bei ya kawaida, mswaki laini, na kubadili saa za kula vitamu. Hakuna kifaa cha gharama katika yote nitakayoeleza.

Kinachoozesha jino hasa

Mdomoni mwa kila mtu kuna bakteria. Wanajishikiza kwenye meno kwa utando laini, mweupe au wa manjano, ambao tunauita ukoga. Kwaruza jino kwa ukucha karibu na ufizi kabla hujapiga mswaki asubuhi, utauona. Ukila sukari, au wanga uliopikwa kama mkate na biskuti, bakteria hao wanaila pia na kutoa asidi. Asidi inashusha pH (kipimo cha asidi, ambacho kikishuka ukali umezidi) kwenye uso wa jino ndani ya dakika chache, na ikishuka chini ya 5.5 hivi, madini ya enameli yanaanza kuyeyuka. Kisha mate yanafanya kazi yake: yanapunguza ukali wa asidi na kurudisha madini kwenye jino. Kazi hiyo huchukua nusu saa hadi saa nzima.

Hapo ndipo penye jambo ambalo watu wengi hawajaambiwa. Idadi ya mara unazogusa sukari kwa siku ina uzito mkubwa sana, pengine kuliko kiasi cha sukari chenyewe. Anayekunywa soda nzima pamoja na chakula cha mchana amelipatia jino lake shambulio moja. Dereva anayeanza chupa hiyo hiyo saa nne asubuhi na kuimaliza saa nane mchana, funda moja moja kila baada ya abiria kushuka, amelifanya jino liloe kwenye asidi saa nne mfululizo, mate hayajapata nafasi. Soda ni moja, bei ni moja, lakini meno ya hao wawili hayatafanana baada ya miaka mitano.

Usiku ni mbaya zaidi. Tukilala mate hupungua sana. Kipande cha biskuti au mabaki ya chai ya maziwa yenye sukari yakilala mdomoni, yanakaa na jino mpaka asubuhi bila ulinzi. Kama kuna jambo moja tu utakalolichukua katika mwongozo huu wote, basi chukua hili: piga mswaki usiku kitu cha mwisho kabla ya kulala, na baada ya hapo usiweke mdomoni kitu kingine isipokuwa maji. Wengi tunapiga asubuhi tu, kwa ajili ya harufu na kwa ajili ya watu. Wa usiku ndio unaookoa jino.

Hatua ya kwanza: chagua dawa ya meno kwa kusoma, siyo kwa rangi

Kinachokinga meno ndani ya dawa ni floraidi. Inaingia kwenye enameli iliyoanza kulainika na kuifanya ishike madini tena, na jino lililopata floraidi linahimili asidi vizuri zaidi. Ladha, povu na mistari ya rangi ni mambo ya biashara. Shirika la Afya Duniani liliiingiza dawa ya meno yenye floraidi katika orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2021, pamoja na dawa nyinginezo tunazohitaji kila siku hospitalini. Ichukulie kwa uzito huo.

Geuza boksi au tyubu, tafuta neno fluoride na namba inayofuatiwa na herufi ppm. Kwa mtu mzima na kwa mtoto, lenga kati ya 1000 na 1500. Baadhi ya dawa zenye picha za katuni zina 500 tu, na kuna nyingine za mitishamba zisizo na floraidi kabisa. Hizo zinatoa harufu nzuri lakini kinga ni ndogo au haipo. Angalia pia tarehe ya mwisho wa matumizi, hasa kwa tyubu za kwenye meza za barabarani zinazopigwa jua kutwa.

Mkaa, majivu, chumvi ya mawe, ndimu: naombwa ushauri juu ya hivi kila wiki. Mkaa na majivu vinakwaruza enameli, na enameli ikiisha haioti tena. Jino linaonekana jeupe wiki za mwanzo, baadaye linageuka la manjano, maana tabaka la chini ndilo lenye rangi hiyo. Ndimu ni asidi tupu. Maji ya chumvi ya uvuguvugu ni mazuri kusukutulia fizi zilizovimba, lakini hayachukui nafasi ya mswaki.

Hatua ya pili: mswaki

Nunua ulioandikwa laini. Watu wanapenda mgumu wakidhani unasafisha zaidi, kumbe unakata fizi na kuchimba shingo ya jino pale linapokutana na ufizi. Ukimtazama mtu aliyetumia mswaki mgumu kwa nguvu miaka mingi utaona mfereji kama wa msumeno kwenye meno ya pembeni, na maji baridi yakipita hapo anaruka. Kichwa cha mswaki kiwe kidogo, kifike nyuma ya gego la mwisho. Badilisha baada ya miezi mitatu, au mapema zaidi nywele zake zikianza kutawanyika. Kila mtu awe na wake. Nyumba yenye watoto watano itie alama mipini kwa uzi wa rangi au rangi ya kucha, maana mswaki wa kuazimana unahamisha bakteria na unaweza kuhamisha damu.

Mswaki wa mti unafaa. Mti wenyewe, ambao kwa kisayansi ni Salvadora persica, una kemikali za asili zinazopunguza bakteria, na wazee wetu wa Pwani, Wamasai na Wasomali wamekaa na meno yao kwa huo. Mapungufu yake ni mawili: hauna floraidi ya kutosha, na watu wengi wanasugua meno ya mbele tu huku wakipiga soga. Chonga ganda kiasi cha sentimita moja, tafuna ncha mpaka iwe nyuzi, usugue kutoka kwenye ufizi kuelekea ncha ya jino, na upeleke mpaka nyuma kwenye magego, nje na ndani. Kata ncha iliyochakaa kila siku. Ukiweza, tumia mti mchana, na usiku tumia mswaki wa kawaida wenye dawa.

Hatua ya tatu: jinsi ya kusugua

Hapa nataka twende polepole, kwa kuwa hata waliosoma sana wanakosea hapa.

Weka dawa kiasi cha punje ya njegere. Ile picha ya dawa iliyojaa kutoka ncha hadi ncha ya mswaki ipo kwa ajili ya kumaliza tyubu haraka. Usiloweshe sana. Simama mbele ya kioo, angalau wiki ya kwanza.

Anza na gego la mwisho juu kulia, upande wa shavu. Funga mdomo kidogo ili shavu lilegee. Ukiachama sana, shavu linakaza na mswaki haupiti. Lalisha mswaki uelekee kwenye ufizi kwa pembe ya digrii 45 hivi, nusu ya nywele ziguse jino na nusu ziguse mpaka wa ufizi. Tikisa kwa duara ndogo ndogo, papo hapo, mara kumi hivi, kisha fagia kuelekea ncha ya jino. Sogea meno mawili. Rudia. Ukikandamiza mpaka nywele zinalala chali, nguvu imezidi. Shika mpini kwa ncha za vidole kama unavyoshika kalamu, na nguvu itapungua yenyewe.

Ukimaliza upande wa shavu kwa meno yote ya juu, ingia upande wa ndani, unaotazama kaakaa. Kwa meno ya mbele, simamisha mswaki wima, utumie ncha yake. Kisha shuka chini. Upande wa ndani wa meno ya mbele ya chini, karibu na ulimi, ndipo ugaga, yaani ukoga uliogeuka jiwe, unapoanza kwa karibu kila mtu, maana mrija wa mate unamwaga hapo na madini ya mate yanaugandisha ukoga. Tumia muda zaidi hapo. Malizia na uso wa kutafunia wa magego, kusugua mbele na nyuma, na ulimi kwa kufagia kutoka nyuma kuja mbele. Harufu nyingi ya mdomo inakaa kwenye ulimi.

Jumla yake iwe dakika mbili. Kwa saa ya simu utashangaa ni ndefu kiasi gani. Wengi tunaishia sekunde arobaini.

Ukimaliza, tema. Usisukutue kwa maji. Najua inakuwa ngumu mwanzoni, tumezoea kikombe kizima. Lakini ukisukutua unaiondoa floraidi uliyoiweka. Tema mara mbili tatu, futa midomo, nenda kalale. Kwa asubuhi, ni vizuri kupiga kabla ya chai. Kama umekula kitu kichachu, ukwaju, machungwa au embe bichi la chumvi na pilipili, subiri nusu saa, kwa kuwa enameli imelainika na mswaki utaikwangua.

Kwa waliofunga Ramadhani, ratiba hii inakaa bila shida: piga baada ya daku kabla ya adhana ya alfajiri, na piga tena usiku baada ya chakula cha mwisho. Mchana mswaki wa mti usio na dawa unatosha. Tende ni tamu na inanata, kwa hiyo kula unapofuturu, uishushie kwa maji, usiendelee kudokoa moja moja hadi usiku wa manane.

Hatua ya nne: katikati ya meno

Mswaki haufiki pale jino na jino vinapogusana, na matundu mengi ya watu wazima yanaanzia hapo hapo. Uzi wa meno unauzwa kwenye maduka ya dawa ya mijini. Kata urefu wa mkono hadi kiwiko, zungushia vidole vya kati, bakiza sentimita tatu za kufanyia kazi, pitisha taratibu kwa kusogeza mbele na nyuma, usiurushe kwenye ufizi. Ukishapita, ukunjie kwenye jino moja kama herufi C, panda na kushuka, kisha fanya hivyo kwa jino la jirani. Mara moja kwa siku, usiku. Damu kidogo siku za kwanza ni kawaida. Ikiendelea zaidi ya wiki mbili, muone daktari.

Kijiti cha meno kinatoa nyuzi za nyama na muwa, hakisafishi ukoga. Kama ndicho ulicho nacho, kiingize pembeni polepole, usikichokonoe kwenye ufizi. Pini, njiti ya kiberiti na ncha ya kisu, acha kabisa. Nimetoa vipande vya njiti vilivyokatikia ndani ya ufizi na kufanya usaha.

Na kama chakula kinanasa kila siku sehemu ile ile, hiyo ni dalili. Pana tundu pale, au meno yameachana. Usizoee kuchokonoa, nenda uangaliwe.

Sukari: panga saa zake

Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu tunayopata kwenye chakula kwa siku, na ikiwezekana iwe chini ya asilimia 5, ambayo kwa mtu mzima ni kama gramu 25, vijiko sita vya chai. Soda moja ya mililita 350 inapita hapo. Vikombe viwili vya chai ya vijiko vitatu vitatu vinafika hapo kabla ya saa nne asubuhi.

Sitakuambia uache chai. Ninachoomba ni vitamu viungane na mlo. Kama kuna soda, iwe ya chakula cha mchana na iishe pale pale. Kashata, visheti, ubuyu wa rangi, pipi za kijiti: watoto wapewe baada ya kula, siyo kutwa nzima mfukoni. Ubuyu unanipa shida kubwa zaidi, kwa sababu mtoto anaumumunya nusu saa kila kokwa na kuhama kwenye lingine, una asidi yake ya asili na juu yake una sukari. Katikati ya milo kunywa maji, kula karanga, muhogo wa kuchemsha, matunda mazima. Juisi, hata ya kutengeneza nyumbani, jino linaiona kama soda.

Mirungi nayo nitaigusa, kwa sababu wengi wanaitafuna pamoja na bigijii na soda usiku kucha huku mdomo umekauka. Hayo yote matatu kwa pamoja yanamaliza magego ya kijana wa miaka 25.

Watoto

Jino la kwanza hutokea karibu na miezi sita. Tangu siku hiyo linahitaji kusafishwa. Dawa iwe kama punje ya mchele kwa mtoto wa chini ya miaka mitatu, kiasi cha njegere kutoka mitatu hadi sita. Mpake mwenyewe, usimpe tyubu aimung'unye. Mikono ya mtoto haina ustadi wa kutosha mpaka afikie miaka saba au minane. Kabla ya hapo anaweza kuanza yeye lakini mzazi ndiye amalizie. Mlaze kichwa kwenye mapaja yako akikutazama juu, mdomo wote utauona.

Chupa ya uji wa sukari, maziwa ya sukari au juisi kitandani ndiyo inayoozesha meno manne ya mbele ya juu kwa watoto wa miaka miwili. Huanza kama mstari mweupe kama chaki kwenye mpaka wa ufizi. Ukiuona, bado unaweza kuuzuia kwa floraidi na kuondoa chupa. Ukishakuwa wa kahawia na kumong'onyoka, tumechelewa.

"Si yatang'oka tu, hayo ni ya utoto." Nasikia hivyo sana. Meno ya utoto ni 20, na magego yake yanakaa mpaka miaka 10 hadi 12. Ndiyo yanayotunzia nafasi meno ya ukubwani. Yakitoka mapema, ya ukubwani yanaota yamepindana, na usaha wa jino la utoto unaweza kuharibu jino linalojitengeneza chini yake.

Alikuja mama na binti wa miaka minane, shavu limevimba, akaniambia nitoe hilo jino la utoto litaota lingine. Nikamwonyesha kwa kioo: halikuwa la utoto. Lilikuwa gego la kwanza la ukubwani, lile linaloota karibu na miaka sita nyuma kabisa, bila jino lolote kung'oka. Kwa kuwa hakuna kilichotoka, hakuna anayelitambua. Mama alinyamaza, akauliza kama kweli halioti lingine. Halioti.

Basi mtoto akifika miaka sita, hesabu meno yake kutoka mbele. Baada ya meno matano kila upande, la sita kutoka katikati ni la maisha yake yote. Linaota likiwa chini kuliko mengine, mswaki unalipita juu juu, na uso wake una mifereji ya kina. Kwa miezi hiyo ya kuota ingiza mswaki kwa pembeni, ukatize mstari wa meno. Uliza pia kama hospitali yenu inafunika mifereji ya magego kwa kinga. Ni kazi ya dakika chache, hakuna sindano.

Kuna jambo jingine la watoto ambalo siwezi kuliruka. Tangu miaka ya 1980 Tanzania, na katika nchi kadhaa jirani, kuna imani ya "meno ya plastiki", kwamba homa na kuharisha kwa mtoto mchanga kunasababishwa na meno mabovu yaliyo ndani ya ufizi, na dawa yake ni kuyachimbua. Kinachochimbuliwa ni vijijino vya kawaida vya chonge ambavyo havijaota. Mtoto anavuja damu, anapata maambukizi, wapo wanaofariki, na anayepona anaweza kukosa chonge au kuota lililoharibika. Ule weupe unaoonekana kwenye ufizi wa mtoto wa miezi minne ni uvimbe wa kawaida wa jino linalojiandaa. Mtoto anayeharisha anahitaji maji ya chumvi chumvi ya ORS, zinki, kunyonya na kufikishwa kituo cha afya. Ndugu wakikushinikiza, na hasa kama ni mama mkwe au bibi ambaye huwezi kumbishia, mwombe muende naye kliniki akasikie kwa muuguzi.

Ukiishi kwenye maji yenye floraidi nyingi

Hapa kwetu floraidi hiyo hiyo inayokinga ni tatizo ikizidi kwenye maji. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Baadhi ya mito na chemchemi zinazoteremka Mlima Meru, kama zile za upande wa Ngarenanyuki, zinapita kikomo hicho mara nyingi, na Bonde la Ufa lote kutoka Singida mpaka Nakuru lina visima vya namna hiyo. Matokeo ni meno yenye madoa meupe, kisha ya kahawia, na yakizidi enameli inamomonyoka. Kwa miaka mingi ya kunywa, mifupa nayo hukakamaa na kupinda.

Madhara ya meno yanaingia wakati jino likijitengeneza ndani ya ufizi, tangu kuzaliwa hadi miaka minane hivi. Kwa hiyo mtu mzima aliyehamia Arusha hatapata madoa, lakini mtoto wake mdogo anaweza kuyapata. Maji salama yaliyo machache nyumbani yatengwe kwa mtoto kwanza: maji ya mvua kutoka bati safi, au ya chanzo kilichopimwa. Kuchemsha hakuondoi floraidi, tena kunaikoleza maji yanapopungua. Chujio la mkaa wa mifupa, ambalo kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimelifanyia kazi kwa miaka mingi, linapunguza, mradi mkaa ubadilishwe unapochoka.

Chanzo cha pili ni magadi ya kuokota, tunayotia kwenye makande na maharage yaive haraka. Yana floraidi nyingi. Loweka maharage na mahindi usiku kucha, mwaga maji ya kwanza, kuni utaziokoa bila magadi. Dawa ya meno endelea nayo, ila kwa mtoto kiasi kidogo na ateme vizuri. Madoa hayatoki kwa kusugua. Yanaweza kufunikwa na daktari, na mtu asimtukane mtoto kwamba ni mchafu.

Fizi

Ufizi wenye afya hautoi damu. Ukiona damu kwenye mswaki, usiache kusugua sehemu hiyo kwa kuihurumia. Ukoga ndio unaoiumiza, ongeza umakini hapo hapo kwa mswaki laini, na kwa wengi damu hukoma ndani ya wiki mbili. Isipokoma, kuna ugaga, yaani ukoga uliogeuka jiwe, na huo hautoki kwa mswaki wala kwa ukucha. Unaondolewa na daktari au tabibu kwa vifaa. Watu wanaogopa kwamba kusafishwa kunalegeza meno. Meno yanakuwa yameshalegea kwa kupoteza mfupa, ugaga ukawa unayafunga pamoja. Ukitoka, mtu anahisi hali yake halisi. Kuendelea kuuacha ndiko kutakakoyadondosha.

Mjamzito fizi zake huvimba kirahisi kwa sababu ya homoni. Kutibiwa meno wakati wa ujauzito kunaruhusiwa, miezi mitatu ya katikati ndiyo raha zaidi, na mama aseme mapema kwamba ni mjamzito ili dawa zichaguliwe. Tetrasaiklini hapewi yeye wala mtoto mdogo, maana inapaka meno ya mtoto rangi isiyofutika. Mwenye kisukari naye, sukari ikiwa juu fizi zinaharibika haraka, na fizi zenye usaha zinafanya sukari iwe ngumu kushuka, kwa hiyo kinywa kiwe sehemu ya kliniki yake. Sigara inaficha damu ya fizi huku ikiula mfupa. Ugoro, na tambuu yenye popoo, vinaleta saratani ya kinywa. Kidonda, doa jeupe au jekundu lisilopona kwa wiki mbili lisisubiri wiki ya tatu.

Kwenda kuangaliwa

Mara moja kwa mwaka inatosha kwa mtu mwenye meno mazima, miezi sita kwa watoto na kwa mwenye kisukari. Nenda siku ambayo hakuna kinachouma. Sema wazi: "Nimekuja kuangaliwa, na kama kuna tundu dogo naomba lizibwe."

Usiogope mashine. Katikati ya miaka ya 1980, hapa hapa Tanzania, ilianzishwa njia ya kuziba jino kwa vifaa vya mkono tu: uozo laini unakwanguliwa kwa kijiko kidogo, tundu linajazwa saruji inayotoa floraidi, bila umeme wala mashine ya kutoboa, na mara nyingi bila sindano. Leo inatumika duniani kote. Inahitaji jambo moja tu, tundu liwe bado dogo.

Dawa za dukani hazitibu jino. Amoksilini inapunguza uvimbe siku tano, chanzo kinabaki ndani, na uvimbe unaofuata huwa mkubwa zaidi. Aspirini ya kuwekwa kwenye ufizi inauunguza. Ukiona uvimbe umeshuka chini ya taya, ulimi unanyanyuka, kumeza au kupumua kumekuwa kugumu, hiyo ni dharura ya usiku huo huo, nenda hospitali kubwa. Mtoto mdogo aliyedhoofika kwa utapiamlo au surua, akitoa harufu kali mdomoni na kidonda cheusi shavuni, apelekwe siku hiyo hiyo: unaweza kuwa ugonjwa uitwao noma, unaokula uso kwa siku chache. Shirika la Afya Duniani liliuweka kwenye orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahauliwa Desemba 2023.

Na mtoto akianguka mpirani, jino la ukubwani likachomoka lote: liokote kwa kulishika upande wa kutafunia, usiguse mzizi. Lina uchafu, lisuuze kwa maziwa au maji safi sekunde chache, usilisugue. Lirudishe kwenye tundu lake likiangalia mbele, aume kitambaa safi. Ukishindwa, litie kwenye maziwa baridi, au kwenye kikombe chenye mate yake mwenyewe. Usilifunge kwenye karatasi likauke. Kimbilia kwa daktari wa meno, ndani ya nusu saa ikiwezekana, na jino la utoto usilirudishe. Mwonyeshe mwalimu wa michezo wa shule ya mwanao aya hii.